Darasa la Pili la Itekelo

"Ndiyo ya wengi haijibu mtihani." Mwalimu wenu wa hesabu amewapiga nayo leo, mkanuna, na sasa mnataka kujua ameitoa wapi. Sogeeni basi. Msidhani ni ya wahenga waliovaa ngozi. Aliyeitamka kwanza alikuwa mama mchuma chai, hukuhuku kwetu Rungwe, katika shule ya msingi Itekelo, na chanzo chake ni hiki.

Darasa la pili la Itekelo lilikuwa na mwalimu mmoja, Tusekile, mwanamke mfupi, mchapakazi, asiyejua kunung'unika. Watoto walikuwa sitini na wanne, vitabu vya kusoma kumi na kimoja. Tusekile aliwabananisha sita sita kwenye kila kitabu, akasoma sentensi, nao wakaifuata kwa pamoja. Ukurasa ukiisha aliuliza, "Tumeelewana?" Na darasa zima likajibu, "Ndiyooo, mwalimu!" Ilikuwa ndiyo ya kutetemesha madirisha, jamani. Hata wachuma chai waliokuwa shambani ng'ambo ya barabara waliisikia.

Aliyevuma kuliko wote alikuwa Subilaga, binti wa miaka minane. Mama yake alikuwa mmoja wa wachumaji wale. Sauti ilipopanda aliinua kichwa juu ya chai na kuwaambia wenzake, "Mnamsikia? Huyo ni wangu." Yeye mwenyewe hakuwahi kuketi kwenye dawati, na jambo hilo lilimuuma.

Kila Novemba watoto wa darasa la pili walifanya mtihani wa kusoma, mmoja mmoja, mbele ya mwalimu mgeni kutoka shule nyingine. Asiyeweza alibaki palepale mwaka mwingine. Basi mwezi wa pili, kwenye kikao cha wazazi, Tusekile alisimama akasema bila kumumunya maneno, "Mwaka huu hatabaki hata mmoja." Wazazi walipiga makofi. Kwa nini asijiamini? Kila siku aliwauliza watoto mara kumi kama wameelewa, na kila mara aliambiwa ndiyo.

Mwezi wa nne, asubuhi moja, mvua ikashuka. Mnaijua mvua yetu juu ya bati lisilo na dari. Hata ukipiga ukelele hujisikii mwenyewe. Walimu wengine waliwaambia watoto walaze vichwa madawatini mpaka ikatike. Tusekile hakuwa mtu wa kulaza vichwa. Alipita dawati kwa dawati, akaweka kidole kwenye neno, akatega sikio karibu na mdomo wa mtoto ili asome peke yake.

Alianza na Subilaga, kusudi ajipe moyo. Kidole alikiweka katikati ya ukurasa. Mtoto akaanza kusoma kutoka juu.

"Si huko. Hapa, kwenye kidole changu."

Subilaga alikitazama kidole, akaanza tena kutoka juu, mbio mbio, macho yakiwa dirishani.

Mwalimu akafunua ukurasa ambao darasa lilikuwa bado kuufikia. Neno lilikuwa "kikapu". Pembeni palichorwa mwanamke akienda sokoni. Mtoto akaangalia picha, akasema, "Mama."

"Subilaga, kila siku nakusikia ukisoma. Huwa unasomaje?"

"Namfuata Lusajo, mwalimu."

Lusajo alikuwa ameketi ubavuni pake. Mwalimu akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi namfuata Subilaga."

"Haya, na nikiuliza kama mmeelewa, kwa nini mnasema ndiyo?"

Subilaga alishangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. "Si ndilo jibu lake, mwalimu?"

Mvua ilinyesha mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na Tusekile akawapitia wote. Waliojua kusoma walikuwa tisa. Aliingia ofisini akaketi, akalia. Aliwalilia watoto, na tusidanganyane, alililia na jina lake pia.

Mwalimu mkuu, Mzee Mwaipopo, alikuwa mtu mwema aliyeogopa aibu. "Mama, usijitese," alimwambia. "Mgeni hupima kwa kitabu hikihiki. Wakaririshe kurasa zote, watapita. Mwaka jana walibaki wawili tu, umesahau?"

"Watapita. Halafu?"

"Halafu watakuwa darasa la tatu."

Ushauri ule ulikuwa mtamu. Ahadi ingetimia na hakuna ambaye angejua. Tusekile aliutafakari njia nzima mpaka kwake, na karibu aukubali, ila kila alipotaka kuukubali alimwona yule mtoto akitazama picha na kusema "Mama."

Kesho yake alikuja na maboksi ya sabuni aliyoyakata vipande vipande, kila kipande kikiwa na silabi moja. Akawaambia watoto, "Kuanzia leo siulizi tena nani ameelewa. Nauliza nani bado."

Watoto walitazamana. Kusema "bado" mbele ya wenzako kulikuwa sawa na kujishtaki mwenyewe. Siku ya kwanza hakuna aliyesema, wala ya pili. Siku ya tatu Subilaga alinyoosha mkono nusu, kiwiko kikiwa bado mezani.

"Mimi bado, mwalimu. Hata hii ya kwanza siijui."

Tusekile alimpigia makofi. Darasa likaona kumbe "bado" haileti viboko, na mikono ikaanza kuota kila upande. Tangu siku hiyo watoto walikaa wawili wawili, wakiunganisha vipande na kunong'onezana.

Shambani, wachumaji waliacha kusikia kitu. Mama Subilaga alivumilia wiki mbili, kisha akaja mpaka mlangoni, kikapu cha chai mgongoni.

"Mwalimu, mwanangu ana nini? Simsikii tena."

"Anajifunza kusoma, mama."

"Si alikuwa anajua?"

Tusekile angeweza kuzungusha maneno. "Hapana, mama. Nilidhani anajua," alisema. Mama yule aliondoka bila kuaga.

Novemba ikafika, mgeni akapima. Walifaulu hamsini na wawili, wakabaki kumi na wawili. Kwenye kikao baba mmoja aliyeitwa Mwakyoma, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa waliobaki, alisimama akiwa amevimba kwa hasira. "Mwalimu, ulituambia hatabaki hata mmoja! Darasa lilipokuwa linanguruma walibaki wawili. Umelinyamazisha, wamebaki kumi na wawili. Hiyo ni kazi gani?"

"Ni kweli, niliahidi nisichokijua," alijibu Tusekile. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Wazazi walianza kuguna. Ndipo Mama Subilaga aliposimama, akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Hii tulipewa kiwandani wiki iliyopita. Sijui inasema nini, na nimeona haya kuuliza. Subilaga, njoo."

Mtoto alikuja mbele, akaiweka karatasi sawa. Hapakuwa na Lusajo wa kumfuata wala ukurasa wa kukumbuka. Alianza kwa sauti ndogo, akijikwaa.

"Wa-chu-ma-ji wote... wa-ta-pi-mwa macho... bure... za-ha-na-ti... siku ya Ju-ma-nne."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Wanawake wakaanza kufungua pindo zao mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na karatasi hiyohiyo.

Mama Subilaga alikuwa akilia na kucheka. "Mwanzoni mwa mwaka nilijivunia sauti yake akiwa na wenzake. Kumbe leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mwanangu. Jamani, ndiyo ya wengi haijibu mtihani!"

Mwakyoma aliangalia ile karatasi mkononi mwa mtoto. Kisha akamwambia Tusekile taratibu, "Basi wangu abaki, mwalimu. Abaki mpaka na yeye anisomee."

Basi mwalimu wa hesabu akiwauliza kesho kama mmeelewa, yule ambaye bado aseme bado, hata kama darasa zima linatikisa bati. Kwa maana atakapoketi na karatasi yake atakuwa peke yake, na ndiyo ya wengi haijibu mtihani.