Pimbi na Barua ya Mwamba

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko mmeitika kama wanaoumwa meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si za kale sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika msituni, palikuwa na Pimbi. Pimbi alisoma kidato cha tatu. Katika ukoo wote wa pimbi, yeye peke yake ndiye aliyefika sekondari. Akipita, shangazi zake walimwita "Profesa," naye hakuwakataza.

Siku moja Nyati akatangaza, "Njia ya mtoni ni nyembamba. Tunabanana. Tutaipanua, na ule mwamba wa pimbi tutauvunja."

Lo! Mwamba ule ndio nyumba ya pimbi. Bibi yake Pimbi alizaliwa humo, akazeekea humo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini ndani ya mwamba alitembea bila kupapasa.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "Bi Ndovu, mkuu wa msitu, atakata shauri Ijumaa. Mwandikie barua. Wewe ndiye msomi wetu."

"Usihofu, bibi. Hiyo kazi ya dakika tano."

Desturi ya msitu ule ilikuwa hivi: aliyeandika barua huisoma mwenyewe barazani, na akiulizwa hujibu.

Basi Pimbi akaenda chumba cha kompyuta cha shule. Akamkuta Kanga, mwanafunzi mwenzake, anadonoa vibonye. Tk! Tk! Tk! Kanga alikuwa kwenye tovuti ya kujifunzia sarufi na uandishi. Anasoma somo. Anafanya zoezi. Anakosea. Tovuti inamwonyesha kosa, anarudia. Tk! Tk! Tk!

"Keti tufanye somo la barua," Kanga akasema.

"Masomo ni ya wenye nafasi," Pimbi akajibu. "Mimi nataka barua iliyokwisha kuiva."

Akafungua ukurasa wa barua za mfano. Ya kwanza, fupi mno. Ya pili, haina maneno mazito. Ya tatu, ehee! Ina mistari arobaini. Ina "barabara." Ina "mwamba." Ina "kwa taadhima na unyenyekevu mkubwa." Pimbi akasoma mistari mitatu ya juu, akaipenda. Akainakili yote, akaikunja, akaenda zake kucheza mpira.

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa. Bibi akaketi mbele kabisa. Pimbi akasimama. Khm! Khm!

"Kwa taadhima na unyenyekevu mkubwa, sisi wakazi wa eneo hili..."

Shangazi zake wakapiga vigelegele.

"...tumeteseka muda mrefu kwa ubovu wa barabara..."

Vigelegele vikapungua.

"...hivyo tunaomba mwamba unaoziba njia u... uvunjwe haraka iwezekanavyo."

Hapo Nyati akaruka juu, akatua, puu! "Ahsante sana, kijana! Umenisemea vizuri kuliko nilivyojisemea mwenyewe!"

Baraza zima likaangua kicheko. Ngiri alicheka mpaka akabiringika. Bibi hakucheka. Aliuliza polepole, "Mjukuu wangu, umesema wavunje?" Pimbi akaona aibu mpaka kwenye kucha.

"Barua hii ni yako?" Bi Ndovu akauliza.

"Nimeinakili mtandaoni."

"Mwenyewe anakaa wapi?"

"Simjui."

"Basi kaandike ya kwako. Jua likifika utosini, nakata shauri."

Pimbi mbio! Kanga nyuma yake, mbio! Wakafungua lile somo la barua. Somo likauliza: unataka nini? Anza na hilo. Kwa nini unalitaka? Fuatisha hilo.

Pimbi akaandika. Tovuti ikapigia mstari sentensi tisa.

"Inanionea!"

"Haikuonei," Kanga akasema. "Soma inavyokwambia."

Akasoma. Sentensi moja ilikuwa ndefu hata yeye mwenyewe hakujua inaishia wapi. Akaikata. Tk! Tk! Tk! Makosa yakabaki matano. Yakabaki mawili. Kanga hakumwandikia hata neno moja, alimwuliza tu, "Hapa unamaanisha nini?" Njiani kurudi, Pimbi akasimama kidogo kando ya njia ya mtoni, akapima, kisha akakimbia tena.

Jua likafika utosini. Pimbi akasoma:

"Bi Ndovu, tunaomba mwamba wetu usivunjwe. Bibi yangu haoni. Ndani anaijua kila pembe, nje tai anamngoja. Nyati nao wana haki ya kupita bila kubanana. Upande wa pili wa njia ni mchanga mtupu. Tunaomba njia ipanuliwe upande huo. Sisi pimbi tutasaidia kuchimba."

Hakuna aliyecheka.

"Mchanga huo una upana gani?" Bi Ndovu akauliza.

"Hatua thelathini za nyati. Nimeupima sasa hivi."

Nyati akajikuna shingo. "Mchangani hata kwato hazitatuuma," akasema.

"Mwamba usiguswe," Bi Ndovu akasema, akainuka.

Shangazi zake Pimbi walimbeba juu juu, lakini bibi akamwita. Akampapasa uso. "Ile ya kwanza ilikuwa ya mgeni," akasema. "Hii nimesikia ni wewe. Hebu nisomee tena." Pimbi akamsomea tena.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: mtandao ni mwalimu mzuri kwa anayekubali kufundishwa. Jifunze humo, utasema lako likasikika. Nakili tu, utasema la mtu usiyemjua, na nyumba yenu ivunjwe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye insha ya kumaliza, na ainuke.