Ufunguo wa Lango la Mwambale

Enyi mliokusanyika, wenye mvi na wenye meno ya maziwa, wenyeji na wageni wa wenyeji, naomba masikio yenu na nafasi ndogo katika nyoyo zenu. Nina fumbo lililonilemea. Nimelileta mbele yenu ili tulibebe pamoja.

Palikuwa na mji ulioitwa Kitaruni, na nyuma ya vilima vyake mji ulioitwa Mwambale. Zama za mababu, Kitaruni ilizingirwa na maadui hata njaa ikaingia jikoni mwa mtawala. Watu wa Mwambale wakaja bila kuitwa, wakauvunja mzingiro, wakawazika vijana wao katika ardhi isiyo yao. Ndipo miji hiyo miwili ikachanjiana chale na kuapa: baragumu la mmoja likilia, mwenzake atatoka. Na ili kiapo kisiishie midomoni, Kitaruni ikajenga lango linaloelekea Mwambale, ikaliwekea sharti. Likifunguliwa kwa ajili ya vita, halifungwi mpaka arudi wa mwisho aliyetoka, ama kwa miguu yake, ama kwa habari ya kaburi lake.

Ufunguo wa lango ulikuwa kwa Bi Mwanakheri. Alilifungua akiwa bibi harusi, akamtoa mumewe. Akalifungua tena akiwa mjane. Kila vita vilipokwisha alikaa kizingitini, akitafuta nyuso miongoni mwa wanaorudi, na kila mara palikuwa na mama aliyebaki amesimama baada ya wengine kwenda zao. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kwa uzito wa komeo. Alipoulizwa hali, alijibu, "Mimi sijambo. Lango ndilo linaloumwa."

Bi Mwanakheri alikuwa na watoto watatu. Shee, wa kwanza, alijaliwa sikio: akililaza ardhini, hutambua nyayo za mtu na kwato za ng'ombe zikiwa bado mbali. Famau, wa pili, alijaliwa kuongoza waliochoka: anayemfuata husahau miguu yake. Mize, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: alisema lugha ya Wakorwe, maadui wa Mwambale, hata wao wenyewe wakamwuliza ni binti wa ukoo gani.

Mwaka mmoja baragumu la Mwambale likalia. Mama akafungua, Famau akatoka na wanaume wa mji, na lango likabaki wazi kama sharti lilivyotaka. Wakorwe walilijua sharti hilo. Wakaacha wachache mbele ya Mwambale wakiwasha mioto mingi, na jeshi lao likazunguka vilima kuliendea lango lisilofungwa.

Shee akalaza sikio kizingitini alfajiri, akainuka na vumbi shavuni. "Mama, wanakuja, na si wetu. Wetu huburuta miguu." Akaamsha mji, watoto na wazee wakapandishwa ngomeni. Lau si yeye, wangeuawa vitandani.

Mama akashika komeo ili afunge. Wazee wakamzuia: "Mwanao na wenzake wako nje, Mwanakheri. Kiapo ni kiapo." Ndipo Mize akatoka peke yake, akatandika mkeka katikati ya lango, akawasalimu Wakorwe kwa lugha yao. Akawauliza habari za wazazi wao kwa majina, na kwa mila yao aliyeulizwa habari za mama yake hawezi kuinua silaha kabla hajazijibu. Wakajibu mmoja mmoja, wakinung'unika, jua likapanda. Lau si yeye, wangeingia kabla ya msaada.

Kule Mwambale, Famau aliitazama mioto ya adui, akaona hakuna moto hata mmoja wenye chungu. Akaelewa. Akawageuza wanaume waliokwisha kuchoka, akawapandisha vilima vile vile walivyovishuka jana. Na vijana wa Mwambale wakafuatana naye, ingawa mji wao ulikuwa bado haujasalimika. Wakawavamia Wakorwe kwa nyuma na kuwatawanya. Vijana kadhaa wa Mwambale wakaanguka langoni. Bi Mwanakheri ndiye aliyewakosha maiti wale, na kwa kuwa hakuyajua majina yao, kila mmoja alimwita mwanangu.

Baada ya maziko, wazee wakatoa hukumu: aliyeokoa mji apewe ufunguo, na neno lake kuhusu lango liwe la mwisho. Bi Mwanakheri akaupokea uamuzi huo kama mtu anayetuliwa mzigo. Akawaita wanawe. "Mkono wangu hauwezi tena. Semeni, nani ampokee mama yenu?"

"Ukiwa wangu, nitafunga," akasema Shee. "Nitawapelekea Mwambale chakula na dawa, lakini si mtoto wa mtu. Lango lililowaponya wao lilikaribia kutuua sisi."

"Kaka, wewe husikia kila kitu ila kilio cha jirani," akasema Famau. "Nitafungua. Walioanguka juzi hawakuuliza lango ni la nani."

"Na wewe umesikia kilio cha nani ndani ya nyumba hii?" Shee akamjibu. "Mtazame mama."

Mize hakuwatazama. "Nitafungua, lakini atakayetoka ni mimi na mkeka wangu. Vita tumevijaribu tangu enzi za babu. Wakorwe nao wana mama."

"Na siku watakapochoka kujibu maswali yako?" akauliza Famau.

"Siku hiyo mtanizika," akasema Mize, "kama mnavyowazika wengine."

Bi Mwanakheri akautoa ufunguo kiunoni. Kabla hajanyoosha mkono, nyuma ya vilima, baragumu la Mwambale likalia.

Basi, wasikilizaji wangu, bila sikio mji usingeamka. Bila ulimi adui asingengoja. Bila mwongozaji usingepona. Na mama amesimama, ufunguo mkononi, watoto watatu mbele yake, na baragumu halinyamazi. Je, ungekuwa wewe Bi Mwanakheri, ungemkabidhi nani?

Mimi nilisimuliwa haya kwanza na Bi Zaliha binti Mbaruku, aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka. Nilipomwuliza ufunguo ulikwenda kwa nani, aliuweka ukili chini, akasugua kifundo cha mkono wake, akaniambia nimfungulie mlango, upepo uingie.