Kamba Tatu Siku ya Arusi

Aliye tayari kubishana na asogee, maana hadithi hii mimi siimalizi.

Zamani huko Uskochi, katika ngome moja, walikuwapo watu watatu. Elspeth alikuwa mshonaji, na sindano ilimtii. Mchungaji Gilbert alijaliwa sauti ya kulijaza kanisa. Murdo, bawabu, alijaliwa ukaidi, na hakuna aliyemwonea wivu.

Malkia wao, Marsali, alifiwa na mume. Nguo nyeupe za eda hazijachakaa, akampenda Lachlan, mtunza farasi wake. Mapenzi ni kikohozi. Nchi nzima ikajua. Baraza la wakubwa lilikwisha kumwahidi mzee mmoja tajiri wa ng'ambo kwamba atamwoa malkia, kwa hiyo wakayaita mapenzi hayo aibu. Mimi sioni aibu yoyote. Marsali alikuwa mjane, si mbuzi wa mnada.

Huko hakuna aliyefungishwa ndoa akiwa na nguo za msiba, basi wakubwa wakamnyang'anya nguo zote, wakamwachia zile nyeupe. Elspeth akaingia barazani mchana kweupe, akavuta kitambaa chekundu cha mezani, akamshonea gauni. "Wakiuliza, Bibi," alisema, "waambie wameichangia arusi."

Ndoa ilipaswa pia kutangazwa kanisani. Baraza likamkataza Mchungaji Gilbert. Akaitangaza, tena kwa sauti iliyotikisa vioo. Mkubwa mmoja akasimama. "Napinga. Huyo ni mtu wa zizini."

"Hiyo ni kazi yake, mheshimiwa. Mimi nimeuliza pingamizi."

Watu wakacheka, na mkubwa akakaa.

Asubuhi ya arusi askari wa baraza wakafika langoni, wakamwamuru Murdo afungue.

"Ufunguo nimeutumbukiza kisimani," akajibu, "na kisima kiko huku ndani."

Walipolivunja lango, Marsali na Lachlan walikwisha kushikana mikono na kutamka maneno ya ndoa. Kwa sheria ya huko, hakuna wa kuyafuta.

Wakubwa wakawageukia wale watatu, wakawafunga kamba, wakawahukumu kunyongwa. Lakini palikuwa na desturi: malkia, siku ya arusi yake, hukata kamba ya mfungwa mmoja, naye huenda zake huru. Mmoja tu. Wakampa Marsali kisu, kisha wakakaa kungoja wale watatu wagombane.

Hawakugombana. "Kata uitakayo, Bibi," alisema Elspeth, "ila usilie mbele ya hawa."

Marsali hakulia. Alisimama na gauni lake jekundu, akiwatazama mmoja mmoja.

Msiniambie angezikata zote. Askari walikuwa na mikuki, na wa kwanza kuchomwa angekuwa Lachlan. Bila gauni hapakuwa na ndoa. Bila tangazo, vilevile. Na lango lingefunguka mapema, leo tungesimulia mambo mengine. Kila nikiihadithia hii, watu hurudi nyumbani wamenuniana.

Haya, kisu hicho, kishike wewe. Je, ungeikata kamba ya nani, na wale wawili ungewatazama kwa macho gani?