Barua ya Mama Kindi kwa Mheshimiwa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na wewe, sema!

Nikisema mtasikia?

Tutasikia!

Nikikosea mtacheka?

Tutacheka!

Basi anzeni kucheka mapema, maana hadithi hii ni ya mnyama aliyejua kuandika kila kitu, isipokuwa kile alichokitaka.

Hapo kale kulikuja ukame. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata umande ukakauka. Likabaki bwawa moja tu. Pande tatu za bwawa hilo zilikuwa majabali marefu, na upande wa nne, penye njia ya kushukia majini, alilala Kiboko. Akilala hivi, njia imeziba. Akigeuka vile, njia imeziba.

Huyu Kiboko siku moja alikuwa akila majani nyuma ya ofisi ya binadamu, akasikia neno likitoka dirishani: "Lete barua!" Hakujua maana yake. Lakini aliona kila aliyeambiwa hivyo anarudi kwao kimyakimya. Neno likampendeza sana.

Swala akaja bwawani. "Hodi, Mheshimiwa. Naomba maji."

"Lete barua!"

Swala akarudi kwao kimyakimya.

Kobe akaja. "Hodi, Mheshimiwa. Naomba maji."

"Lete barua!"

Kobe akarudi kwao kimyakimya, tena polepole.

Basi wanyama wakaandika barua. Siku zile barua ziliandikwa kwenye majani ya mgomba, mabichi, mapana, laini. Swala akaleta yake. Kiboko akaipokea kwa mdomo. Nyam, nyam, nyam, gudu!

"Imepokelewa," akasema. "Iko kwenye faili. Nenda ukasubiri."

Kobe akaleta yake. Nyam, nyam, nyam, gudu!

"Imepokelewa. Iko kwenye faili. Nenda ukasubiri."

Nyasi zilikuwa zimekwisha nchi nzima, wenzake wote wamebaki mbavu, lakini Kiboko alikuwa akinenepa kwa barua.

Sasa, juu ya mkwaju mmoja karibu na bwawa aliishi Mama Kindi na watoto wake wanne. Wa mwisho aliitwa Kishungi, bado ananyonya. Tangu maji yakauke, maziwa nayo yalikuwa yanakatika. Kishungi ananyonya, anaachia, anamtazama mama yake usoni kama anayeuliza swali. Mama Kindi anaangalia pembeni.

"Hawa wengine hawajui kuandika," akawaambia watoto. "Ngojeni mama yenu aandike. Kiboko atatoa machozi."

Maana Mama Kindi alikuwa na elimu yake. Alisoma kwa Mwalimu Kasuku, na kwa barua za kirafiki hakuna aliyemshinda darasani. Alikosa kalamu tu. Akashuka chini kwa jirani yake, Bi Nungunungu.

"Chomoa mwiba mmoja hapo mgongoni," Bi Nungunungu akasema. "Huo wa kushoto. Unaniwasha tu."

Mama Kindi akachomoa. Bi Nungunungu akabana jicho, akasema ni vumbi. Mama Kindi aliona lile chozi, akajifanya hakuliona, kwa heshima.

Akaandika. Loo, aliandika!

"Kwa mpendwa Kiboko. Pokea salamu nyingi sana. Natumaini u mzima wa afya kama ulivyo mnene. Sisi huku hatujambo, ila Kishungi ameota jino."

Jani la kwanza likajaa salamu. Jani la pili likajaa habari za jino, lilivyoanza, lilivyotoka, na upande lilipo. Jani la tatu alimshukuru Bi Nungunungu kwa mwiba. Jani la nne aliomba radhi kwa mwandiko mbaya, maana ameandika huku amepakata mtoto. Alipofika chini nafasi imekwisha, akaminya pembeni maneno madogo: "Mengi tutaongea tukionana."

Akaisoma mwenyewe, akalia. Ilikuwa barua nzuri mno.

Akaipeleka. Kiboko akafumba macho. Nyam, nyam, nyam. Nyam, nyam, nyam. Nyam, nyam, nyam, gudu!

"Aaah!" akasema. "Hii ndiyo barua! Imejaa! Wewe mama unajua kuandika. Kesho lete nyingine, na usije ukaifupisha."

Mama Kindi akarudi mbio, mkia juu. "Jirani! Jirani! Amesema najua kuandika!"

"Hongera, Mama Kishungi. Na maji?"

"Maji gani?"

Bi Nungunungu akamsogelea. "Jirani yangu. Kwani uliomba maji?"

Mama Kindi akaanza kukumbuka. Jani la kwanza, salamu. Jani la pili, jino. Jani la tatu, mwiba. Jani la nne, radhi. Akashika kichwa.

"Nilimweleza jino," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, kacha kacha kacha! Mama Kindi naye akacheka. Angefanya nini? Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akamwona Kishungi pale shinani, akaacha kucheka.

Kishungi alikuwa amekuta mmea mnene wenye majani ya maji, kumbe ni mshubiri. Akaramba. Uso wote ukajikunja kama ngozi iliyokauka. "Ptuu! Ptuu!" Akatema, akakimbilia kwapani kwa mama yake.

Mama Kindi akampangusa ulimi. Wale watoto wake wakubwa watatu wote aliwaachisha ziwa kwa shubiri. Mtoto anapakiwa shubiri kwenye ziwa, anaonja, anatema, siku ya pili hataki hata kuliona. Akamtazama Kishungi. Akalitazama jani la mshubiri. Akatazama kule bwawani, lilikolala lile jitu lililonogewa na barua.

"Jirani," akasema, "nishikie mtoto. Kuna mwingine nataka kumwachisha."

Jani la mshubiri ni nene lakini si pana, halina nafasi ya porojo. Kila herufi ni kuchimba kwa mwiba, na kila ukichimba utomvu unakurukia mdomoni. Mama Kindi akawa anaandika neno moja, anatema mara mbili.

"Salamu hukuweka?" Bi Nungunungu akauliza.

"Hazienei."

"Na jino?"

"Jino liko kinywani mwa mwenyewe, halihusiki."

Barua ilipokwisha ilikuwa hivi:

*Mama Kindi,*
*Juu ya Mkwaju.*
*Siku ya kiu.*

*Mheshimiwa Kiboko,*
*Njiani, Bwawani.*

*YAH: OMBI LA KUNYWA MAJI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tuna kiu. Naomba usogee asubuhi na jioni ili tupite tunywe. Naomba kujibiwa leo.*

*Wako mtiifu,*
*Mama Kindi.*

Mama Kindi akaitazama, akaona aibu. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Lakini akamfunga Kishungi mgongoni, akaenda.

"Mbona fupi?" Kiboko akanuna.

"Fupi, Mheshimiwa, lakini ina uzito."

Kiboko akapanua kinywa. Kachu! Akatafuna. Akameza. Gudu! Halafu macho yakamtoka.

"Ptuu! Ptuu! Puuuuu!"

Akaruka, akatua, akaruka tena. Ardhi ikatikisika, Kishungi akachomoka mgongoni, tipwa, mpaka chini ya mguu wa Kiboko. Kiboko akauacha mguu ukining'inia hewani.

"We mama! Mtoe mtoto wako hapa, nitamkanyaga!"

Mguu ule ukabaki juu, unatetemeka, mpaka mtoto alipookotwa. Mama Kindi akaona. Akajisemea moyoni kwamba hata ndani ya mwili huu mkubwa kuna mahali padogo ambapo si tumbo.

"Barua gani hii?" Kiboko akafoka. "Chungu! Chungu kama nini!"

"Pole, Mheshimiwa. Imechacha."

"Imechachaje na umeileta sasa hivi?"

"Barua rasmi ndivyo ilivyo. Ikimezwa bila kujibiwa, inachacha. Hii ni moja tu. Sijui zile nyingine zilizomo kwenye faili."

Kiboko akalitazama tumbo lake. Wanaoijua shubiri wanajua kinachofuata. Tumbo likasema: nguru, nguru, nguru.

"Ya nani hiyo?" Kiboko akanong'ona.

"Nadhani ya Swala."

Nguru, nguru, nguruuu!

"Na hiyo?"

"Hiyo ya Kobe. Inakuja polepole."

"Mama! Mama mzuri! Dawa yake nini?"

"Dawa ya barua ni kujibu."

"Mimi sijui kuandika!"

"Hata hilo lisikusumbue, Mheshimiwa. Mimi nitaandika, wewe utapiga muhuri."

Akachukua gome pana la mti, maana gome hata Kiboko halimeng'enyi. Akachomoa mwiba wake wa kuandikia, akakaa sawasawa kama karani.

"Tunajibuje?"

Kiboko alikuwa anaumwa, lakini uchoyo wake ulikuwa mzima. "Andika: Kila mnyama anywe tone moja."

"Tone moja linaondoa uchungu wa barua moja, Mheshimiwa. Za kwangu peke yangu ni majani mangapi?"

Nguruuuu!

"Andika wanywe! Wanywe washibe! Waoge!"

Mama Kindi akaandika haraka. Anuani ya Kiboko juu, anuani yake chini. *YAH: KUKUBALIWA KWA OMBI LA KUNYWA MAJI.* Mkono ukamwasha kuuliza hali ya familia ya mwombaji, lakini mwombaji alikuwa yeye mwenyewe, na hali ya familia aliijua. Akaandika kwamba ombi limekubaliwa kuanzia leo, asubuhi na jioni, bila kudai barua nyingine. Akaongeza chini: *Nakala kwa: Swala, Kobe, Bi Nungunungu, na wote wenye kiu.*

"Mwisho naweka: Wako mtiifu, Kiboko."

"Mtiifu? Mimi? Mtiifu kwa kindi?"

"Ndivyo inavyoandikwa, Mheshimiwa. Nami mwenyewe nilikuandikia hivyo, na unaona nilivyo mtiifu."

Nguru, nguru, nguruuuu!

"Weka! Weka!"

Kiboko akakanyaga tope, akakanyaga gome, pwata! Muhuri ukakaa, umefunika nusu ya maandishi. Hakungoja tope likauke. Akatimka vichakani mbio, majani yakipasuka, shwaa shwaa shwaa, na njia ya bwawa ikabaki wazi.

Mama Kindi alikuwa wa kwanza kushuka. Akanywa, kubu, kubu, kubu, mpaka maji yakamtoka puani. Akaketi pale pale ukingoni, akampakata Kishungi, akamtilia maji kinywani kwa kiganja, moja, moja tena. Kisha akamweka kifuani, akangoja. Kishungi akanyonya. Safari hii hakuachia.

Wanyama wakaja kwa miguu yao. Bi Nungunungu akapishwa mbele. Swala akanywa, Kobe akafika wakati wenzake wanaondoka, wakarudi wakamsubiri.

Jioni Kiboko akatoka vichakani, mwepesi, amekonda kidogo, anatabasamu.

"Mama Kindi! Ni kweli! Nimejibu, na barua zote zimetoka!"

"Hongera, Mheshimiwa."

Akasogea pembeni, njia ikabaki wazi. Akalitazama lile gome lililotundikwa mtini.

"Hebu nisomee hiyo barua yangu."

Mama Kindi akamsomea, toka anuani hadi nakala. Kiboko akasikiliza, kichwa ameinamisha.

"Hivi ni mimi niliyesema hayo?"

"Kuna muhuri wako hapo."

"Kumbe mimi ni mwema namna hii!" Kiboko akasema, sauti ikamtetemeka. "Na ninavyojua kuandika! Soma tena."

Mama Kindi akasoma tena. Alitamani mno kumwambia ni nani aliyeandika, maana ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizopata kuandika. Akaumeza ukweli huo. Ulikuwa mchungu kupita shubiri.

Hadithi yangu nimeiacha pale ukingoni ikinywa maji. Mwenye kiu aifuate, aliyeshiba aitazame tu.

Na funzo lake ni hili, wapendwa wangu: ukimwandikia mkubwa barua, rudi nyumbani ukatulie. Usimfuate, usimkumbushe, na usithubutu kumsaidia kujibu. Atakujibu mwenyewe akipata nafasi.

Atapata lini?

Msiniulize mimi. Leteni barua.