Moto Ambao Hakuna Aliyeuona

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja muuza vitenge, mtunza hazina wa chama cha wazima moto wa kujitolea sokoni kwao. Chama kilianzishwa baada ya soko kuteketea. Mwanzoni kila mwenye kibanda alichanga bila kusukumwa, maana harufu ya majivu ilikuwa bado puani. Miaka ikapita, soko halikuungua tena, michango ikaanza kusuasua. Huyu akasema atatoa mwezi ujao, yule akasema biashara ngumu. Mama akawa anaongezea cha kwake, kimya kimya.

Ikafika siku ya mkutano mkuu, hazina imekauka. Mama alikwenda akijua huenda akatoka pale ameitwa mwizi. Akaeleza fedha zilikokwenda: ndoo za mchanga kila kona, nyaya mbovu zimebadilishwa, pampu imetengenezwa, wenye majiko wamefundishwa.

Fundi cherehani mmoja akasimama. "Miaka yote hii chama hakijazima moto hata mmoja. Sasa tulikuwa tunalipia nini?"

Mama akainamisha kichwa.

Ndipo dada mkaanga samaki akanyanyuka kule nyuma. "Mimi juzi mafuta yalishika moto kwenye karai. Nikafunika kama mama alivyonifundisha, nikamwaga mchanga jikoni, ukazimika. Sikumwambia mtu. Niliona aibu."

Kisha muuza mitumba naye akakiri kwamba waya wake, siku walipokuja kuubadilisha, ulikuwa umeshaanza kuunguza mbao. Akafuata mwenye saluni. Akafuata mwingine. Fundi cherehani, ambaye kibanda chake kimepakana na cha mkaanga samaki, akaketi taratibu, akaanza kupapasa mfukoni.

Mama alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibana kwa miezi. Akacheka huku machozi yanamtoka.

Na sisi je? Tukiponea chupuchupu ajalini, tunaleta sadaka ya shukrani, tunatoa ushuhuda hapa mbele. Ni vizuri. Lakini zile siku ulizolala ukaamka, watoto wakaenda shule wakarudi, wala hukuwa na habari yoyote, nani alikuwa kazini? Tunamwuliza Mungu amefanya nini kwa ajili yetu, kwa sababu tu hatukusikia harufu ya moshi. Ndugu yangu, soko lako limesimama. Unadhani limesimama lenyewe?