Usingizi wa Siku Saba

Sogeeni. Hadithi hii ina wanawake watatu waliochoka, na usingizi unaomtosha mmoja.

Mwajabu alikuwa na sikio. Kwa pumzi tu alijua kama mama yake, Bi Mgeni, ataongea au atalala. Mdogo wake Tausi alikuwa na mkono wa mashine. Aliwahi kufanya kazi kwa mpiga picha za harusi, akaondoka na kamera kuukuu ya video. Wifi yao Somoe alikuwa na mdomo. Alimfanya mtu atende asichotaka, tena huku anacheka.

Miezi minane walimuuguza Bi Mgeni kwa zamu, usiku na mchana. Sauti yake ilibaki uzi, hata simu haikuishika. Alichotaka ni kimoja: mdogo wake, Bi Riziki, waliyenuniana naye miaka kumi na moja, aje waagane. Bi Riziki akajibu kutoka Pangani: "Nimsikie mwenyewe akiniita. Salamu za kupitishiwa sizitaki."

Wakamrekodi. Wakamvisha kanga mpya, wakampaka wanja, wakahangaika na mwanga wa dirisha. Picha ikapendeza, wakatuma kadi ya kamera Pangani. Mize, binti wa Bi Riziki, alipomwekea mama yake, Bi Riziki akapiga simu: "Nasikia feni. Dada yangu yuko wapi?"

Wote watatu walijua kwamba Bi Riziki ni kipofu. Hakuna aliyekumbuka.

Mara ya pili Tausi hakujali picha. Alifungua mpangilio wa sauti. "Tuliiacha kamera ijipimie sauti yenyewe," alisema. "Mama akinyamaza, inavuta kila kelele. Mlango ukigongwa, inashusha hadi mama anapotea." Akazima feni, akaondoa huko kujipimia, akabana maiki ndogo kwenye kanga karibu na kidevu, akapanga kiwango kwa mkono mpaka vistari vya sauti kwenye kioo vikacheza bila kufika pekundu.

Lakini mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma, na ya kuizima hiyo, kamera haikuwa na kitufe. Somoe akatoka.

"Mzee Mbwana, nizimie robo saa."

"Wateja hawa niwaambie nini?"

"Waambie mama mkwe anataka kunisema, na leo nachukua ushahidi."

Foleni nzima ikacheka. Mashine ikazimwa.

Mwajabu alivaa hedifoni. Tik, tik: tasbihi ya mama ilikuwa inagonga maiki. Akaitoa taratibu, akampa mkono wake aushike. Dakika kumi, kimya. Tausi akanyoosha kidole azime, betri inakwisha.

"Acha. Anavuta pumzi ya kuongea."

Ndipo ikaja: "Riziki. Nilikukosea. Njoo."

Haukupita muda, mashine ya kusaga ikanguruma tena.

Kadi ikatumwa tena. Siku ya pili baada ya kuisikia, Bi Riziki alifika na Mize. Ndugu wawili wakashikana mikono, wakalia hadi wakachoka. Kisha Bi Riziki akageuza uso walikokaa wale watatu.

"Mize atashika zamu za mmoja wenu siku saba. Za wawili hataziweza. Aliyeniletea sauti ya dada yangu, aende akalale."

"Bila mimi mngerekodi feni tena," Tausi alisema.

"Bila mimi mngerekodi unga," Somoe alisema. "Tena mimi hakunizaa, na zamu sijaruka hata moja."

Wakamtazama Mwajabu. Mkubwa ni yeye. Walisubiri aseme, nendeni nyie. Miezi minane alikuwa akilisema hilo. Leo halikutoka.

"Tausi alishanyoosha kidole azime," alisema. "Ile pumzi niliisikia mimi."

Kitandani Bi Mgeni akakohoa. Wote watatu wakainuka.

"Nimesikia viti vitatu," Bi Riziki alisema, wala hakumtaja mmoja.

Mize ameshafunga kanga kiunoni, anauliza aanze zamu ya nani. Haya, nyie mliokaa hapa mmeshiba usingizi: mngemwambia nani akalale, na wale wawili mngewatazamaje?