Mwenye Besi Aje Mbele

Kaeni vizuri, na anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii nimeipokea bila mwisho. Mwisho nitawadai ninyi.

Katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, palikuwa na bendi ya watu wenye kazi zao. Siku za kazi huyu anauza asali, yule anashona viatu. Ikifika Jumamosi alasiri wote wanakutana uani kwa Mzee Kasanda, mpiga tarumbeta. Walijiita Miyombo Jazi. Walipiga kwa mapenzi tu, na Jumamosi ikipita bila muziki, wiki nzima walikuwa kama wagonjwa.

Miongoni mwao walikuwamo watatu wenye vipawa. Mihayo alikuwa seremala, na mbao zilimtii kama ng'ombe wanavyomtii mchungaji wao. Sizya alikuwa fundi redio. Kifaa kilichokwisha kufa na kuliliwa, yeye alikifufua. Kalunde alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti ikishaingia sikioni mwake haikutoka tena.

Bendi ilitumia gitaa la besi la kuazima, mali ya kwaya ya kanisani. Siku moja kwaya ikalitaka gitaa lake. Jumamosi ile wakapiga harusini bila besi. Wachezaji wakajaribu, wakasitasita, wakakaa. Bibi mmoja akanyanyua kiti chake. "Muziki huu hauna nyayo," akasema, akaenda zake.

Mihayo ndiye aliyesema, "Basi tutatengeneza besi yetu." Lakini moyoni alisema, nitaitengeneza na nitaipiga mimi. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa manyanga, anasimama nyuma, anamtazama mpiga besi na kumeza mate.

Alikuwa na ubao mmoja wa mninga alioachiwa na baba yake. Ulikaa darini miaka mingi ukikauka, ukingoja kuwa kitanda.

"Ule wa kitanda chetu?" mkewe, Mwajuma, akamwuliza.

"Ule ule."

Mwajuma akaingia ndani kukunja mkeka wanaolalia. Mihayo akaupasua ubao, akauchonga, akausugua hadi ukiupitishia kiganja unadhani umegusa ndama mchanga. Vile vijichuma vya shingoni, ambapo mpigaji hubana nyuzi apate sauti anayoitaka, alivitengeneza kwa njiti za mwavuli, akavipanga kwa kutazama picha ya gitaa kwenye kalenda. Nyuzi zikawa waya za breki za baiskeli. Gitaa likapendeza, ila lilikuwa bubu.

Hapo akaingia Sizya. Kibandani kwake palikuwa na redio kubwa iliyoimba tangu asubuhi, na ndiyo iliyomwitia wateja. Akaifumua, akang'oa sumaku za spika zake. Akafungua feni yake mwenyewe, akatoa waya wa shaba mwembamba kama unywele, akaanza kuuzungusha kwenye sumaku. Ukikatika, anaanza upya. Macho yakamwuma, kibanda kikapoa, wateja wakahamia kwa fundi jirani. Alipomaliza akaenda uani kwa wenzake, akaliunganisha gitaa na amplifaya, akagusa waya mmoja tu. Vikombe vikagongana kabatini kwa Mzee Kasanda.

"Limesema!" Sizya akapiga kelele. "Jamani, limesema!"

Mihayo akalivaa gitaa begani kama bwana harusi anavyovaa koti. Akabana, akapiga. Bendi nzima ikakunja uso. Vijichuma havikukaa mahali pake. Huku sauti ilipanda kuliko inavyotakiwa, kule ilishuka. Akajaribu Jumamosi ile, na nyingine, na nyingine. Vidole vyake vinene vilivyojua randa na patasi havikupata njia. Mwishowe Mzee Kasanda akasema kwa upole, "Mwanangu, mpe Kalunde ajaribu."

Kalunde akaenda nalo nyumbani. Akaitafuta kila sauti ilipojificha: hapa abane nyuma kidogo, hapa auvute waya pembeni, pale asiguse kabisa. Waya za breki zikamchana. Akawa anaandika ubaoni na plasta vidoleni, na watoto wakimwuliza, "Mwalimu, umeng'atwa na nani?" Vidole vikapona, vikachanika tena, hadi vikaota sugu. Aliporudi uani kwa Mzee Kasanda na kupiga, besi ikatembea, na miguu ya watu ikaifuata bila kuombwa. Akijaribu mtu mwingine yeyote, gitaa lilimkana.

Watu wakaliita gitaa hilo "besi ya Kalunde".

Jina hilo lilimwingia Mihayo kama kibanzi chini ya ukucha. Alisimama nyuma na manyanga yake, akiutazama ubao wa baba yake ukiwa umekumbatiwa na mtu mwingine. Wasichana waliotaka kuligusa gitaa walimwomba Kalunde ruhusa, yeye walimpita. Jioni moja hata Mwajuma akasema, "Leo Kalunde kaipiga kweli besi yake."

"Besi yake?" Mihayo akasukuma sahani. "Na wewe?"

Sizya naye alikuwa na lake. "Wanasema sauti tamu, sauti tamu. Sauti kaileta nani?" alimlalamikia Mihayo. Wakalalamika pamoja hadi wakafika mahali pa kuoneana wivu wenyewe kwa wenyewe.

"Bila mimi," Sizya akasema, "ubao wako ungekuwa mwiko wa kusongea ugali."

"Na bila mimi ungevaa sumaku zako shingoni," Mihayo akamjibu. Tangu siku hiyo salamu zao zikawa za kuitikia kwa pua.

Likatangazwa tamasha la bendi za ridhaa, uwanjani. Siku chache kabla, Kalunde akamletea Mihayo gitaa. "Kaka Mihayo, naomba ulipake vanishi. Tusije tukaonekana wanyonge mbele za watu."

Sasa sikilizeni. Wakati huo gitaa la kwaya lilikuwa limeletwa kwake kurekebishwa shingo, na Mihayo alikwisha kupima vijichuma vyake na kuona kosa alilofanya yeye. Akang'oa vijichuma vyote vya besi yao, akavipanga upya, sawasawa. Ni fundi gani anayekatazwa kunyoosha kazi yake mwenyewe? Lakini hakumwambia Kalunde. Alijua kwamba mkono uliozoea njia iliyopinda utajikwaa kwenye njia iliyonyooka. Alijua, na alipojua alijisikia vizuri, kisha vibaya, kisha vizuri tena. Akalirudisha siku ya tamasha, likiwa limefungwa kwenye kitenge, dakika ile ile wanapopanda jukwaani.

Kalunde akapiga sauti ya kwanza. Ikakosea. Ya pili ikakosea zaidi. Watu wakaguna. Akageuka akamtazama Mihayo, na Mihayo akayatazama manyanga.

Kalunde akauinua mkono kutoka kwenye nyuzi. Bendi ikaendelea bila yeye, ikipepesuka. Akafumba macho, akasikiliza. Akaanza chini kabisa, kwa waya usiobanwa, akapanda pole pole, sauti moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba ngeni. Ubeti wa pili ulipoanza, alikwisha kuijua nyumba yote. Na hapo gitaa likatoa sauti ambayo hakuna aliyepata kuisikia, hata wao watatu: nzito, safi, imekaa. Uwanja ukainuka. Machozi yakamtiririka Mihayo, na mpaka leo hawezi kukwambia kama yalikuwa ya furaha au ya wivu.

Mwisho wa tamasha mama mmoja wa meza ya waamuzi akashika kipaza sauti. Mbele yake palikuwa na gitaa jipya la besi, la dukani, jekundu, ndani ya sanduku lake. "Zawadi hii ni ya besi bora kuliko zote. Mwenye besi aje mbele!"

Wakasimama watatu.

Uwanja ukacheka. Wao hawakucheka.

"Zawadi ni moja," mama akasema. "Nataka mtu mmoja."

"Mwili wake ni ubao wa baba yangu," Mihayo akasema. "Umbo lake kalitengeneza nani, kama si mimi? Na leo limesema kweli kwa sababu nimelinyoosha."

"Ubao hauimbi," Sizya akasema. "Nimevunja redio yangu, nikapoteza wateja, ili liwe na koo. Mlichokisikia hapa ni koo."

Kalunde akaonyesha vidole vyake. Kisha akamgeukia Mihayo. "Ulilinyoosha. Mbona hukuniambia?"

Mihayo akayainamia manyanga yake.

"Ulitaka niaibike?"

"Nilitaka," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nionekane, angalau mara moja."

Kalunde akavishusha vidole vyake. "Basi ungeniambia, kaka. Ningekuita mbele mwenyewe."

Mama wa meza ya waamuzi akaona mambo makubwa. Akamkabidhi Mzee Kasanda sanduku hadi watakapoafikiana. Hawajaafikiana. Kila mmoja analitaka kwa haki: Mihayo ili hatimaye apige, maana nyuzi za gitaa jipya ni laini na mtu wa kumfundisha anaweza kumpata, Sizya ili alifungue ajifunze lilivyosukwa ndani, atengeneze mengine, Kalunde ili vidole vyake vipumzike. Mzee Kasanda amechoka kuamua kesi, akasema ipelekwe kwa watu.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Lakini je, aliyemchongea ngoma? Na aliyeipa ngoma mlio? Tena yule aliyenyoosha kwa wivu, na kunyoosha kwake ndiko kukawapa ushindi, tendo lile tulihesabu upande gani, wa haki yake au wa hatia yake?

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Haya, wewe uliyeketi karibu na mlango, anza wewe: sanduku lile jekundu ungelitia mikononi mwa nani?